Kujijua, Kujua Unachokithamini, na Kuichagua Furaha: Mwongozo wa Wiki Nne

Swali ninaloulizwa kuliko yote huja kwa sura tatu. Mmoja atauliza, "Nitajuaje mimi ni nani hasa?" Mwingine atasema, "Kila mtu ananiambia niishi kwa misingi yangu, sasa hiyo misingi naitoa wapi?" Wa tatu huuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Naambiwa furaha ni kuchagua. Nimeichagua, mbona haiji?" Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nasahau kipande hiki au kile. Leo nayaandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuata.

Niseme mapema ninachoamini. Mtu hajijui kwa kukaa akijiwaza. Anajijua kwa kuangalia alichokifanya: muda wake umekwenda wapi, hasira yake iliwaka kwa ajili ya nini, ni taabu gani aliyoibeba bila kulalamika. Na furaha kama hisia haichaguliki. Kinachochagulika ni tendo, ni pa kuelekeza macho, na ni watu wa kukaa nao. Hisia hufuata nyuma, wakati mwingine kwa kuchelewa sana.

Jambo jingine: neno "kujitambua" limegeuzwa fimbo. Siku hizi mtu akikuambia hujitambui, mara nyingi anamaanisha hufanyi anavyotaka yeye. Hapa halina maana hiyo. Hakuna anayekukagua.

Maneno matatu kabla ya kuanza

*Utambulisho* ni jibu lako la swali "wewe ni nani?", kuanzia jina na ukoo hadi tabia unayoijua wewe peke yako.

*Tunu* ni vitu unavyovishika kuwa vya thamani kiasi cha kuviumia. Sikutumia "maadili" kwa sababu ukilitaja neno hilo watu husikia orodha ya mema na mabaya, kitu cha kufundishwa na kukaguliwa. Tunu ni zako. Unaweza kuwa mtu wa maadili mazuri kabisa na bado usijue tunu zako ni zipi.

*Furaha* itenganishe na raha. Raha huja na kitu na kuondoka nacho. Kuna ile nyingine ya kuangalia siku ilivyokwenda na kusema moyoni, ndiyo, hii ilikuwa siku yangu, hata kama nilichoka. Kiswahili kina neno zuri kwa hali hiyo: kuridhika. Mwongozo huu unaitafuta zaidi hiyo.

Unachohitaji

- Daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma. Simu haifai, maana arifa moja tu ikiingia umeshatoka ndani ya nafsi yako. Kama huna mahali salama pa kuliweka, tumia karatasi za kuchana, bakiza ukurasa wa mwisho tu.
- Dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Usifanye yote kwa usiku mmoja.
- Kumbukumbu za mwezi uliopita: kalenda, taarifa ya matumizi ya pesa, orodha ya simu ulizopiga na kupokea.
- Mtu mmoja aliyekujua kwa miaka kadhaa, asiye na sababu ya kukusifu wala kukukomoa.

Soma hili kwanza. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni nzito au umepoteza hamu ya mambo yote uliyokuwa ukiyapenda, huku usingizi, hamu ya kula au nguvu za mwili zikiwa zimevurugika, anzia kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Daftari si tiba yake. Na kama mawazo ya kujiua yamekuwa yakikujia, usisubiri kesho. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Mwongozo utakusubiri.

Mwenye msiba mbichi au aliyetoka kuachana na mwenzake juzi anaweza kuandika, lakini asifanye uamuzi wowote mkubwa kutokana na alichokiandika.

Hatua ya 1: Andika sentensi 20 zinazoanza na "Mimi ni..."

Mwaka 1954 wanasosholojia wawili wa Marekani, Manford Kuhn na Thomas McPartland, waliwapa watu karatasi yenye mistari 20 mitupu na swali moja tu: Mimi ni nani? Waliwapa dakika 12. Fanya hivyo hivyo. Weka saa, andika kama unajijibu wewe mwenyewe wala si mtu mwingine, na usijali mpangilio.

Ukimaliza, weka herufi mbele ya kila sentensi. N kwa nafasi yako kati ya watu (mimi ni mtoto wa kwanza, mimi ni fundi, mimi ni mjane). T kwa tabia (mimi ni mwepesi wa kusamehe). L kwa hali ya leo tu (mimi ni mtu aliyechoka).

Kuhn na McPartland waliona kwamba watu huelekea kuzimaliza kwanza sentensi za nafasi, ndipo waingie kwenye hizo nyingine. Ndiyo maana sikuruhusu uishie ya kumi. Kwa uzoefu wangu, ukurasa huanza kusema kweli hapo mtu anapofikiri ameishiwa.

Mimi nilipolifanya zoezi hili mara ya kwanza, sentensi tisa za mwanzo zote zilinitaja kwa mtu mwingine: kaka wa, mtoto wa, mume wa, msaidizi wa. Kwenye ya kumi nilikaa nimegusisha kalamu kwenye karatasi mpaka wino ukatengeneza doa. Kisha nikaandika: "Mimi ni mtu anayehesabu mara mbili." Nikashangaa. Lakini ni kweli tupu. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikikabidhiwa kitu cha mtu nakihesabu, nakiweka, naenda tena kukihesabu. Sikujua siku ile sentensi hiyo ingenifikisha wapi, na nitairudia huko mbele.

*Kosa la kawaida:* kuandika unachotamani kuwa. "Mimi ni kiongozi" wakati hujaongoza hata watu wawili. Hilo ni lengo, liandike ukurasa mwingine.

*Kosa la pili:* kuzidharau sentensi za N, kana kwamba wewe halisi umefukiwa chini ya mahusiano yako na inabidi uyafukue yote ndipo ujione. Sikubaliani na wazo hilo hata kidogo. Mtu ni watu. Kuwa mama wa mtoto fulani si vazi ulilovaa juu ya nafsi yako. Kwa wengi ndiyo nafsi yenyewe, sehemu yake kubwa.

Hatua ya 2: Tenga ulichopewa na ulichokichagua

Rudi kwenye sentensi zako 20. Kila moja iulize maswali mawili: Je, niliwahi kulipima jambo hili, nikaangalia na njia nyingine? Je, nimejifunga nalo? Maswali haya mawili ndiyo msingi wa kazi ya mwanasaikolojia James Marcia, aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba majibu yake yanatoa hali nne. Kuna jambo ulilolipima ukalishika. Kuna ulilolishika bila kulipima, kwa kuwa ulilikuta. Kuna unalolipima bado, hujaamua. Na kuna ambalo hukulipima wala hukulishika, lipo tu.

Andika pembeni: Nimechagua, Nimerithi, Natafuta, Sijui.

Hapa watu wengi hutishika wakiona "Nimerithi" zimejaa. Tulia. Kurithi si kosa, na wahenga walituonya kuwa mwacha asili ni mtumwa. Unachotakiwa kufanya ni kuchagua sentensi tatu tu za "Nimerithi" na kuzipima wiki hii: kama ningezaliwa kwingine na kulelewa vingine, ningelitamani jambo hili? Nikiliacha, ni nini kitaniuma? Ukimaliza kupima unaweza kulishika lile lile ulilorithi, kwa mikono yako mwenyewe sasa. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Wenye "Sijui" nyingi wasione aibu. Ukiwa na miaka 19 ni hali ya kawaida kabisa, na ukiwa na miaka 50 inaweza kukurudia baada ya kustaafu au kufiwa.

Hatua ya 3: Fuata nyayo za mwezi uliopita

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Ipe vikao vitatu au vinne.

*Muda.* Toa kalenda na orodha ya simu. Muda uliokuwa huru, ambao hakuna aliyekulazimisha, uliupeleka wapi? Ni nani uliyempigia bila kuwa na shida naye?

*Pesa.* Ondoa matumizi ya lazima. Angalia kilichobaki, hata kiwe kidogo namna gani. Ulitoa bila kinyongo kwa ajili ya nini? Na kipi ulikilipia ukajuta kabla hata hujafika nacho nyumbani?

*Hasira.* Orodhesha mara tano ulizokasirika kweli. Hasira ina sifa mbaya, lakini kwa kazi hii ni shahidi mzuri, kwa sababu mara nyingi huwaka pale kitu unachokithamini kinapokanyagwa. Usiishie kwenye "alinidharau." Uliza ni kitu gani hasa kilichokanyagwa.

Nitoe mfano wangu. Nilikuwa kwenye kikao, kijana mmoja kwenye kundi letu alikuwa amefanya kazi ya wiki nzima ya kupanga takwimu. Aliyewasilisha alikuwa mkubwa wake, na aliwasilisha kana kwamba kazi ni yake. Kijana aliangalia meza. Kidole chake gumba kilikuwa kikisugua ukingo wa karatasi, kwenda na kurudi, mpaka kona ikakunjika. Mimi sikuibiwa chochote siku ile, lakini nilikaa na hasira siku tatu, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujielekea: nilinyamaza. Nilipoiandika, mwanzoni niliweka "haki." Nikaiangalia tena. Wapo watu wengi waliotendewa mabaya kuliko yale na sikukosa usingizi. Kilichoniuma ni kwamba kijana yule alinitegemea niseme, nami sikusema. Nikakumbuka sentensi yangu ya kumi. Kuhesabu mara mbili, kurudi kushika mlango, hasira ya siku tatu: vyote vilikuwa na mzizi mmoja. Ninachokithamini mno ni kutegemeka. Na chini ya kutegemeka kulikuwa na woga wa kumwangusha mtu. Vyote viwili ni mimi, na ilinisaidia kujua kipi ni kipi.

*Wivu.* Hakuna anayependa kuuandika, na kwa sababu hiyo unafaa sana. Unamwonea wivu nani? Sasa taja kwa usahihi unachomwonea. Huenda si gari lake. Ni kwamba anarudi nyumbani mapema.

*Kosa la kawaida:* kujihukumu unapoandika. Ukikuta muda wako wote huru uliishia kwenye kioo cha simu, andika hivyo hivyo, saa na dakika. Unakusanya ushahidi, hukumu si kazi ya kikao hiki.

Hatua ya 4: Zipe tunu majina, kisha zipunguze hadi tano

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Milton Rokeach alichapisha orodha mbili, kila moja ikiwa na tunu 18. Ya kwanza ni ya mambo tunayotaka kuyafikia: uhuru, hekima, urafiki wa kweli, usalama wa familia, utulivu wa moyo, usawa, kujiheshimu, maisha ya starehe. Ya pili ni ya namna tunavyotaka kuenenda: ujasiri, uaminifu, kusamehe, kusaidia, kujitegemea, utiifu, uchangamfu. Hakuwauliza watu kama wanavipenda vitu hivi, kwa sababu nani atakataa? Aliwataka wavipange kwa uzito, cha kwanza hadi cha mwisho. Ugumu uko kwenye kupanga, na faida pia iko hapo.

Fanya hivi. Kutokana na ulichokikuta katika hatua tatu zilizopita, andika tunu kumi hadi kumi na tano. Kisha zipambanishe mbili mbili: kama leo ningeweza kubaki na moja tu kati ya hizi, ni ipi? Endelea mpaka zibaki tano, na zipange.

Kila neno lipite kwenye majaribio mawili. La kwanza ni "ili iweje?" Ukiandika pesa, jiulize: pesa ili iweje? Ili nisimwombe mtu. Nisimwombe mtu ili iweje? Ili niamue mambo yangu mwenyewe. Basi tunu yako ni kujitegemea, pesa ni gari la kukufikisha. Mwingine atajibu ili mama yangu asihangaike, na tunu yake ni nyingine kabisa. Neno lile lile, watu wawili, njia mbili za maisha.

La pili: je, neno hili limewahi kukugharimu? Umewahi kupoteza nafasi, urafiki, usingizi au sifa kwa ajili yake? Kama halijawahi, liweke kwenye ukurasa wa matamanio. Muungwana ni kitendo, na maneno mazuri ya kusomwa siku ya mazishi yetu hayatusaidii tukiwa hai.

Utaona baadhi ya tunu zako zinavutana. Usidhani wewe ni mnafiki. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, ambaye mwaka 1992 alizipanga tunu katika aina kumi baada ya kulinganisha watu wa nchi nyingi, alizichora kwenye duara: zilizo jirani husaidiana, zinazotazamana huvutana. Kutaka usalama huvutana na kutaka kujaribu mapya. Kutaka kuwapita wengine huvutana na kutaka kuwafaa wote. Karibu kila mtu ana angalau jozi moja ya namna hii. Ijue ya kwako, kwa sababu maamuzi yako magumu mengi yatatokea hapo hapo.

Hatua ya 5: Muulize anayekujua

Nyani haoni kundule. Mtafute yule mtu wako, usimwonyeshe orodha, muulize haya:

1. Ni lini uliniona nimezama kwenye jambo mpaka nikasahau muda?
2. Nashikilia nini hata kinaponiumiza?
3. Ni kitu gani nasema ni muhimu kwangu, lakini huoni nikikifanya?

Sikiliza, andika, sema asante. Usijitetee. Hata akikosea, usijitetee siku hiyo. Lala nalo siku mbili, ndipo uamue kama linaingia kwenye orodha. Swali la tatu huuma, na mara nyingi ndilo linaloleta jibu unalolihitaji.

Hatua ya 6: Geuza kila tunu kuwa tendo lenye saa na mahali

Tunu ikiachwa kwenye karatasi hufifia kwa wiki moja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi mpango wa "ikiwa hivi, basi nitafanya vile" unavyomsaidia mtu kutenda alichokusudia, kwa kuwa hali yenyewe ndiyo inayomkumbusha. Hebu linganisha:

Dhaifu: "Nitakuwa karibu zaidi na familia."

Yenye nguvu: "Nikifika nyumbani na kuvua viatu, nitaweka simu juu ya kabati, na haitashuka mpaka watoto walale."

Ya kwanza huwezi kujua kama umeifanya. Ya pili, simu iko juu ya kabati au haiko.

Andika tendo moja tu kwa kila moja ya tunu tatu za juu. Matatu yanatosha. Mpango wangu wa kwanza, baada ya kikao kile, ulikuwa huu: "Kazi ya mtu ikitajwa kikaoni bila jina lake, nitauliza kwa utulivu, hii aliifanya nani?" Mara ya kwanza kuuliza, sauti ilinitetemeka. Lakini niliuliza.

*Kosa la kawaida:* kuchagua tendo kubwa ili kujithibitishia. Chagua linaloweza kufanyika hata siku ambayo umeamka vibaya.

Hatua ya 7: Ichague furaha, kwa maana inayowezekana

Epictetus, aliyezaliwa utumwani zaidi ya miaka 1,900 iliyopita na baadaye akawa mwalimu wa falsafa, alifundisha kutenga yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Hisia ya furaha, kwa dakika hii unayosoma, haiko mikononi mwako. Vitu vitatu viko, angalau kwa sehemu.

*Pa kuelekeza macho.* Mara moja kwa wiki, andika mambo yasiyozidi matano unayoyashukuru, kwa undani. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ya namna hii. Katika mojawapo, watu walioandika kila wiki kwa wiki kumi waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi kuliko walioorodhesha kero. Usiandike "afya." Andika "leo nimepanda ngazi bila goti kuuma." Jambo la jumla halimgusi mtu.

*Tendo kabla ya hamu.* Usingoje kujisikia ndipo ufanye. Vaa viatu, toka, tembea dakika kumi, kisha angalia kama bado hutaki. Wanaotibu sonona hutumia kanuni hii: mtu hupanga shughuli zenye maana kwake na kuzifanya hata hamu isipokuwepo, na mara nyingi hamu hurudi ikiwa inafuata tendo.

*Watu.* Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938, ukawafuatilia watu kuanzia ujana hadi uzee. Jambo lililojitokeza kwa nguvu ni kwamba mahusiano mazuri yaliendana na afya na furaha ya miaka ya baadaye. Kwa hiyo angalia orodha yako ya simu ya Hatua ya 3. Ukishuka kutoka kwenye mazungumzo na mtu fulani, huwa umekuwa mwepesi au mzito? Panga kumwona mmoja wa wale wa kwanza wiki hii, kwa siku na saa.

Usiiweke furaha kwenye tukio moja linalokuja. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu 22 ambao hawakushinda. Washindi hawakuwa na furaha zaidi kwa tofauti ya maana, na mambo madogo kama kuzungumza na rafiki yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Utafiti wenyewe ni mdogo, usiubebeshe mzigo usiouweza. Lakini kila aliyewahi kupata alichokililia kwa miaka anajua inazungumziwa hali gani.

Usijipime kila saa pia. Iris Mauss na wenzake waliandika mwaka 2011 kwamba kuipa furaha uzito kupita kiasi kunaweza kumpunguzia mtu furaha yenyewe, hasa pale mambo yanapokuwa shwari, kwa sababu anajilaumu kwa kutofikia alichotarajia. Mara moja kwa wiki inatosha.

Na hili naomba ulichukulie kwa uzito: kuna maisha ambayo neno "chagua furaha" ni tusi. Anayepigwa nyumbani anahitaji kuwa salama. Anayeumwa anahitaji dawa. Asiye na kipato anahitaji kipato. Ukimwambia mtu wa namna hiyo achague furaha, umembebesha lawama juu ya maumivu. Na kama mtu huyo ni wewe, chaguo lako la kwanza ni kutafuta msaada, na hilo ni chaguo kubwa kuliko yote niliyoyaandika humu.

Ukikwama

*Nimefika sentensi ya nane nikaishiwa.* Andika "Mimi ni mtu ambaye..." kisha endelea na kitu ulichokifanya jana. Ukikwama tena, kilichofanyika juzi.

*Nimeandika na sasa najisikia vibaya kuliko mwanzo.* Hutokea. James Pennebaker na Sandra Beall, mwaka 1986, waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kuhusu machungu yao kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika, walioandika kuhusu machungu walijisikia vibaya. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika kilichotokea pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Punguza dakika, usiandike kabla ya kulala, na baada ya kuandika fanya kazi ya mikono. Uzito ukizidi wiki mbili bila kupungua, rudi kwenye onyo la mwanzo.

*Tunu zangu na za wazazi wangu hazipatani.* Kwanza hakikisha mnagombania tunu na si namna ya kuitimiza. Mara nyingi mzazi anataka usalama wako, nawe pia unautaka, mnatofautiana njia. Mwambie, "Baba, hofu yako naielewa, na mimi sitaki kuhangaika. Naomba nikuonyeshe nilivyopanga." Ukikuta kweli ni tunu zinazotofautiana, sema yako mara moja, kwa heshima, kisha vitendo viseme vilivyobaki. Kubishana kila juma hakumbadilishi mtu.

*Nimegundua kazi yangu haiendani na tunu zangu. Niache?* Si wiki hii. Orodhesha ni sehemu gani hasa ya kazi isiyoendana: kazi yenyewe, watu, saa, au jambo moja unalolazimishwa kulifanya. Tafuta kama sehemu hiyo inaweza kubadilika. Ukikuta haiwezi, anza kutafuta kwingine ukiwa bado unalipwa. Isipokuwa umelazimishwa kudhulumu au kuvunja sheria. Hapo haraka inaruhusiwa.

*Nikifurahi naona hatia, ndugu zangu wana shida.* Huzuni yako haiwapunguzii mzigo hata kidogo. Angalia kama kuwajali kumo kwenye tunu zako tano. Kama kumo, panga tendo lenye saa na kiwango, ulitimize, na saa zilizobaki ziwe zako.

*Wiki ya tatu niliacha kila kitu.* Usirudi mwanzo. Rudi Hatua ya 6, chukua tendo moja, lipunguze nusu, anza nalo leo. Waliorudia tangu sentensi 20 kila wanapoteleza, niliowaona, hawakuwahi kuipita Hatua ya 3.

*Nimerudia baada ya mwaka na orodha imebadilika.* Ndivyo inavyotakiwa baada ya mtoto, ugonjwa, msiba au kazi mpya. Usifute ya zamani. Andika tarehe juu ya zote mbili na uziweke kurasa zinazotazamana. Yangu ya sasa bado ina kutegemeka, ila imeshuka hadi nafasi ya tatu, na mlango naufunga mara moja.